Mafahali wawili kwenye waya mmoja

Fundi wa kampuni ya intaneti akimaliza kazi huacha nyuma yake waya mwembamba uliopenyezwa dirishani, kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani karibu na televisheni, na karatasi yenye jina la waifai na nywila yake. Husubiri simu ya mwenye nyumba ishike mtandao, humpa fomu asaini, kisha huyoo, keshashika njia kwenda kwa mteja mwingine. Hajauliza watoto wanasomea chumba gani, wala ukuta wa katikati umejengwa kwa kitu gani. Kisanduku kimekaa pale kwa sababu ndipo waya ulipofika.

Malalamiko hayakawii. Sebuleni filamu inatiririka bila kukwama, lakini chumba cha mwisho simu inatafuta mtandao mpaka inakata tamaa na kurudi kwenye bando. Mwenye nyumba anakwenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kama ni mtu wa Nairobi, anarudi na ruta mpya yenye antena nne zilizosimama kama pembe. Muuzaji kamhakikishia kwamba hiyo ni ya kuchomeka tu. Anaichomeka. Kuanzia hapo nyumba yenye intaneti dhaifu inageuka kuwa nyumba yenye intaneti isiyotabirika, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kununua ruta ya pili si ujinga. Mara nyingi ndiyo tiba hasa ya nyumba kubwa au yenye kuta nzito. Ujinga ni kuiacha ifanye kazi ile ile ambayo kisanduku cha kampuni tayari kinaifanya. Na lawama ya ujinga huo haimwangukii mnunuzi peke yake, maana hakuna aliyemwambia kwamba kile kisanduku cheupe ni zaidi ya mlango wa kuingizia intaneti.

Kisanduku hicho kina kazi kadhaa ndani ya ganda moja. Kinapokea mwanga unaokuja kwenye uzi wa kioo wa faiba na kuugeuza kuwa umeme. Ni ruta, maana yake kinaamua ujumbe upi utoke nje na upi ubaki ndani. Ni mgawaji wa anwani, kwa sababu kila simu, kompyuta na televisheni inayojiunga hupewa namba yake na kisanduku hicho. Tena kinarusha waifai, na nyuma yake kina matundu machache ya kuchomekea waya. Ruta mpya kutoka dukani inafanya yote hayo isipokuwa lile la kwanza. Ikitolewa kwenye boksi na kuwashwa, inajiona ndiyo yenye nyumba.

Namba zinazogawiwa humo zina historia yake. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na mapema miaka ya 1990 wataalamu walikwishaona kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya njia ya kuifanya nyumba au ofisi nzima itumie anwani moja ya nje, huku vyombo vya ndani vikiwa na namba zao za faragha. Njia hiyo inaitwa NAT, na wao wenyewe waliieleza kuwa ya muda mfupi. Februari 1996 yakathibitishwa mafungu matatu ya namba za faragha, likiwemo lile linaloanza na 192.168, ambalo leo linatumika Mbagala, Kisumu na Muscat kwa wakati mmoja bila kugombana, kwa kuwa halitoki nje ya nyumba. Februari 2011 akiba kuu ya dunia ikaisha: mafungu ya mwisho yakagawiwa mashirika matano ya kanda, likiwemo AFRINIC lenye makao yake Mauritius. Ile njia ya muda mfupi ingali inatumika, na ndiyo inayowasumbua watu sebuleni.

Watengenezaji wengi wa ruta huchagua namba zile zile. Kisanduku cha kampuni kinajiita 192.168.1.1, ruta iliyonunuliwa jana nayo inajiita 192.168.1.1, au zote mbili ni 192.168.0.1. Waya ukitoka kwenye kisanduku na kuingia kwenye tundu la WAN la ruta mpya, yaani lile la kupokea intaneti kutoka nje, ruta inajikuta ina fungu moja la namba upande wa ndani na fungu hilo hilo upande wa nje, haijui tena ndani ni wapi na nje ni wapi. Baadhi ya ruta za sasa hung'amua mgongano huo na kujibadilishia namba zenyewe. Nyingine hukaa kimya, taa zote zikiwaka kijani kibichi, na ukurasa hata mmoja haufunguki.

Wengine huchomeka waya kwenye tundu la LAN, lile la vyombo vya ndani, na hapo vituko vinakuwa vya aina nyingine. Sasa kuna wagawaji wawili wa namba kwenye waya mmoja. Simu inapojiunga hupaza ombi kwa wote, na kwa kawaida huchukua namba ya yule aliyejibu kwanza. Iliyojibiwa na kisanduku inaonyeshwa njia ya kweli ya kutoka. Iliyojibiwa na ruta mpya inaambiwa itokee kwenye ruta mpya, ambayo tundu lake la WAN halina kitu. Baba anasema intaneti ipo, mama anasema haipo, na wote wawili wanasema kweli. Baada ya muda namba zinagawiwa upya na hali inageuka: mama anapata, baba anakosa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na fundi anayeitwa siku ya tatu hukuta kila kitu kinafanya kazi.

Dawa ni kubakiza mgawaji mmoja. Kwa nyumba nyingi, na huu ndio msimamo wa makala haya, afadhali kisanduku cha kampuni kiachwe kiendelee kutawala, na ruta mpya ivuliwe madaraka yote ila kurusha waifai. Ruta nyingi za siku hizi zina sehemu kwenye mipangilio yake iliyoandikwa AP. Ikichaguliwa, ruta inaacha kugawa namba na inaacha kujifanya mpaka kati ya ndani na nje. Kinachobaki ni antena na matundu. Simu iliyoko chumba cha mwisho inapata namba yake kutoka kwa kisanduku kilekile cha sebuleni, na printa ya ofisini kwa baba inaonekana na kompyuta zote za nyumbani.

Ruta ya zamani isiyo na sehemu hiyo inahitaji kutengenezwa kwa mkono, na hapa utaratibu una maana kuliko ufundi. Kwanza iwashwe peke yake, imeunganishwa na kompyuta moja tu. Ipewe anwani isiyogongana: kama kisanduku ni 192.168.1.1, ruta iwe 192.168.1.2, mradi namba hiyo isiwe ndani ya fungu ambalo kisanduku hugawia simu. Kisha ugawaji wa namba, unaoandikwa DHCP, uzimwe. Baada ya hapo ndipo waya utoke tundu la LAN la kisanduku na kuingia tundu la LAN la ruta; tundu la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi yake, libaki wazi. Anayechomeka kwanza na kupanga baadaye huandika 192.168.1.1 kwenye kompyuta na kukutana na ukurasa wa kampuni badala ya ule wa ruta yake, au ule wa ruta yake wakati anautafuta wa kampuni. Jambo lingine linalowatia watu hofu: ukibadilisha anwani ya ruta, ukurasa uliokuwa umefunguka unakatika papo hapo. Haijaharibika. Imehama, na inapatikana kwenye anwani mpya.

Waya kati ya vyombo hivyo viwili uwe mmoja tu. Kuna wanaodhani nyaya mbili zitaleta kasi maradufu. Kwa vifaa vya nyumbani zinatengeneza duara, ujumbe unazunguka humo bila kutoka, na baada ya muda mfupi mtandao mzima wa nyumba unakabwa. Jina la waifai na nywila vinaweza kufanana kwenye vyombo vyote viwili ili simu ihame yenyewe mtu anapotembea, ila masafa yatenganishwe: kwenye bendi ya gigahezi 2.4, kisanduku kikiwa chaneli ya 1, ruta iwekwe 6 au 11, kwa sababu hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Na isisahaulike kwamba anayeamua kuhama ni simu yenyewe. Simu nyingine zina ukaidi wa kung'ang'ania mawimbi ya sebuleni hata mtu akiwa amekaa chini ya antena nne za chumbani.

Je, ile njia ya kuchomeka kwenye WAN na kuziacha ruta zote mbili zitawale ni haramu? La. Namba zikiwa hazigongani inafanya kazi, na watu wengi wanaishi nayo bila kujua. Kuvinjari kunakwenda, filamu zinakwenda, simu za WhatsApp kwa kawaida nazo zinakwenda. Kinacholemaa ni kurusha picha kutoka simu iliyo upande mmoja kwenda televisheni iliyo upande wa pili, kamera ya getini anayotaka kuiangalia mtu akiwa safarini, na michezo ya vijana inayotaka kuunganishwa moja kwa moja. Tena kampuni nyingine nazo zina tabaka lao la NAT huko kwao, lenye namba zinazoanzia 100.64, fungu lililotengwa mwaka 2012, hivyo ujumbe wa kijana anayecheza unabadilishwa anwani mara tatu kabla ya kufika kwenye intaneti yenyewe.

Ipo hata nyumba ambayo mpangilio huo unaifaa kuliko ule wa AP: yenye wapangaji. Wapangaji wakiwekwa kwenye waifai ya kisanduku, na familia ikakaa nyuma ya ruta yake yenyewe, kompyuta ya mpangaji haiwezi kuanzisha mazungumzo na vyombo vya familia. Wengi huufanya kinyume, mpangaji akapewa ruta ya ndani na familia ikabaki nje, wakadhani wamejikinga. Aliye ndani anaweza kuwafikia walio nje. Walio nje hawawezi kumfikia aliye ndani.

Waya wenyewe nao unastahili neno, kwa kuwa ndipo pesa hupotea kimya kimya. Waya wa daraja la Cat5e unabeba megabiti 1,000 kwa sekunde hadi mita 100, lakini unahitaji nyuzi zake zote nane. Nyuzi nne tu zikishika, kasi inashuka hadi 100. Mitaani kuna nyaya za aluminiamu iliyopakwa shaba zinazouzwa kama shaba tupu, na kuna nyaya zilizobanwa vichwa kwa haraka na fundi mwenye foleni ya wateja. Boksi za ruta nazo zina hila yake. Iliyoandikwa AC1200 haitoi 1,200 kwa mtu yeyote: ni 300 za bendi moja kujumlisha 867 za bendi nyingine, tena kwa hesabu ya kwenye karatasi. Baadhi ya ruta hizo hizo zina matundu ya waya yasiyozidi 100. Mtu amelipia kifurushi cha 200, amenunua ruta ya "1200", naye anapata 90 na kitu, halafu anaipigia kampuni kelele. Kuweka tarakimu hiyo kubwa mbele ya boksi na kasi ya matundu nyuma kwa maandishi ya sisimizi ni udanganyifu, hata kama kila neno ni la kweli.

Kuta za kwetu zinahitaji waya kuliko antena. Mawimbi ya bendi ya 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, ya bendi ya 5 yana nusu yake, na kadiri yanavyokuwa mafupi ndivyo yanavyochoka upesi ukutani. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizojengwa kuzuia joto. Zinazuia na waifai. Zege lenye nondo ni adui mwingine, na bati halipitishi kitu. Kwa hiyo kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa kwenye soketi ya umeme kinasaidia kidogo tu, maana nacho kinasikiliza kupitia ukuta ule ule, na chenye redio moja kinatumia nusu ya muda kusikiliza na nusu kusema. Waya ukipitishwa darini mpaka chumba cha mwisho, ruta ikawekwa huko, ukuta hauna tena la kusema. Umeme ukikatika, lakini, ruta ya pili nayo itataka kibetri chake. Cha sebuleni hakifiki huko.

Yote hayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya bila kumwomba mtu ruhusa. Ugomvi unaanza akitaka kinyume chake: ruta yake, nzuri na ya bei, ndiyo itawale, na kisanduku cha kampuni kibaki kugeuza mwanga kuwa umeme tu. Hali hiyo huitwa briji, na ndiyo safi zaidi kwa anayejua anachokifanya. Lakini ukurasa wa mipangilio umefungwa kwa nywila ambayo kampuni haitoi. Akaunti ya kuunganishia, yaani jina na nywila vinavyotambulisha mteja kwa mitambo ya kampuni, imefichwa humo humo. Huduma kwa wateja inamjibu kwamba "mfumo hauruhusu".

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko intaneti. Huko Texas, Tom Carter alitengeneza kifaa cha kuunganisha redio ya upepo na simu ya mezani, ili watu walio mbali porini waweze kuzungumza na walio mjini. Kampuni ya simu ya AT&T ilikataza kuunganishwa kifaa chochote kisicho chake. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba mteja anaweza kuunganisha kifaa chake maadamu hakidhuru mtandao. Desemba 2019 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzuia kampuni kumtoza mteja kodi ya ruta ambayo hakupewa, jambo lililokuwa likifanyika mchana kweupe. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Agosti 2016 mteja ana haki ya kutumia ruta anayoitaka, na kampuni inawajibika kumpa namba na nywila za kuunganishia bila malipo na bila kusubiri aombe.

Kampuni zina hoja pia, na si za kupuuzwa. Zinafika kwenye visanduku vyao kutoka mbali kwa utaratibu uitwao TR-069, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2004, na kwa njia hiyo hurekebisha hitilafu na kusasisha programu bila kumtuma fundi. Mteja akiharibu mipangilio, lawama na gharama ya simu zinawaangukia wao. Ila mlango huo wa mbali nao una hatari zake. Tarehe 27 Novemba 2016, karibu miezi minne baada ya ile sheria ya Ujerumani kuanza, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipoteza huduma baada ya ruta zao kuzidiwa na shambulio lililobisha hodi kwenye mlango huo huo wa usimamizi. Wote kwa mpigo, kwa kuwa visanduku vilifanana.

Mteja mwenye ruta yake naye ana wajibu, na wengi hawautimizi. Mwezi mmoja kabla ya tukio hilo, kirusi cha Mirai kiliziangusha tovuti kubwa kwa kutumia kamera na ruta ambazo wenyewe waliziacha na nywila za kiwandani. Ruta iliyowekwa AP bado ina ukurasa wake wa usimamizi, na "admin" kwa "admin" si nywila. Huduma ya WPS, ile ya kujiunga na waifai bila kuandika nywila, nayo izimwe: mwaka 2011 iligundulika kwamba namba yake ya siri ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mwizi anahitaji kujaribu mara 11,000 tu badala ya milioni 100.

Intaneti ya kasi majumbani ni mgeni huku kwetu. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, ikishuka Mombasa na Dar es Salaam, na kabla yake eneo hili lilitegemea setilaiti kwa bei ya kuumiza. Kwa mgeni wa umri huo, haijachelewa kuweka desturi nzuri. TCRA ya Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari huidhinisha vifaa kabla havijauzwa. Zinaweza pia kuzitaka kampuni ziandike kwenye ile karatasi ya fundi anwani ya kisanduku, nywila ya usimamizi ya mteja huyo peke yake, na jibu la ndiyo au hapana kama briji inapatikana. Anayeitaka briji apewe, asaini kwamba mipangilio ya ndani ni juu yake. Wauzaji wa ruta waandike kasi ya matundu mbele ya boksi.

Na msomaji atakayenunua ruta wikendi hii akigeuze kwanza kisanduku cha kampuni na kusoma kibandiko cha chini. Namba iliyoandikwa hapo, inayoanza aghalabu na 192.168, ndiyo ambayo ruta mpya haipaswi kuitumia. Aibadilishe kabla hajagusa waya.